Jina Ambalo Baba Hakulifuta

Nilianza kusomea kazi ya wakala wa bima nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Shule ya chekechea niliyokuwa nikifundisha Umoja ilikuwa imefungwa, mwenye jengo akaligeuza kuwa vyumba vya kupangisha, nami nikabaki nyumbani kwa wazazi wangu bila shughuli. Rafiki yangu wa kanisani ndiye aliyenipeleka. Aliniambia kwamba kazi yenyewe haina mshahara, ina kamisheni tu, lakini mtu aliyeweza kutuliza watoto arobaini wa miaka mitatu ataweza kumtuliza mtu yeyote.

Darasa letu lilikuwa ghorofa ya nne huko mjini, katika chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Mkufunzi wetu alikuwa mwanamume wa makamo aliyeuza bima tangu ujana wake, na alizungumza polepole kama mtu ambaye amezoea kukatizwa.

"Mtihani utakuwa kwa Kiingereza," alituambia siku ya kwanza. "Lakini mama anayeuza mitumba hatawauliza kwa Kiingereza. Rudini nyumbani, mtafute mtu mmoja, mumweleze kila neno mpaka aelewe. Asipoelewa, msiseme ana kichwa kigumu. Ninyi ndio hamjaelewa."

Mtu wangu alikuwa baba.

Baba alikuwa amestaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa stoo katika reli, na mimi nilizaliwa na kulelewa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alipostaafu tulihamia Umoja, kwenye nyumba aliyokuwa ameinunua ikiwa na vyumba viwili, akaongeza viwili vingine kwa mikono ya mafundi aliowasimamia kuanzia asubuhi hadi jioni. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alitembea na kalamu katika mfuko wa shati hata siku za kwenda kanisani, na hakuwahi kutia sahihi kitu ambacho hakukisoma mara mbili.

Tulikaa mezani Jumapili alasiri, mama akiwa ameenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa.

"Haya, mwalimu," baba alisema. "Mimi mteja, sijui lolote. Anza."

Nilimwambia bima ni watu wengi kuchanga kidogo kidogo, ili yule atakayepatwa na msiba asiubebe peke yake.

"Kumbe ni mwethya," alisema. Kwetu Ukambani mwethya ni kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Alifikiri kidogo, akaongeza, "Mwethya wa watu wasiojuana."

Niliandika maneno hayo daftarini, na baadaye niliyatumia kwa wateja zaidi kuliko kitu chochote nilichosoma darasani.

Tukaendelea hivyo, Jumapili baada ya Jumapili. Nilimweleza kwamba kile anacholipa mtu kila mwezi ndiyo malipo ya bima, na kwamba akichelewa hupewa siku chache za nyongeza kabla mkataba haujakatika. Nilimweleza kwamba hatari ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee, ndiyo sababu huwezi kukatia bima nyumba ambayo tayari inaungua. Nilimweleza nia njema: kwamba anayekata bima anatakiwa kusema ukweli wote kuhusu jambo analoliwekea bima, hata ule ambao hakuulizwa.

"Hata asioulizwa?" baba aliuliza.

"Hata asioulizwa."

"Hilo ni gumu," alisema. Hakuwa akitania.

Tulipofika kwenye fidia nilimweleza kama mkufunzi alivyotueleza, kwamba fidia ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, bila kumpunja na bila kumtajirisha. Gari lako likiharibika kabisa, unalipwa thamani ya gari lile, si zaidi. Lakini bima ya maisha haimo humo. Uhai wa mtu hauna kipimo, kwa hiyo hakuna anayeweza kurudishwa pale alipokuwa. Kinacholipwa ni kiasi mlichokubaliana tu, basi.

Baba alikizungusha kikombe chake cha chai juu ya meza.

"Aliyeandika hivyo," alisema, "alikuwa amezika mtu."

Nilidhani anamsema mkufunzi wangu. Sikuuliza.

Jumapili iliyofuata nilifika kwenye neno mnufaika. Nilimwambia ni mtu ambaye mwenye bima amemwandika kwamba ndiye atakayelipwa yeye akifa, na kwamba mwenye bima anaweza kumbadilisha wakati wowote angali hai. Kabla sijamaliza, baba aliinuka akaenda chumbani kwao. Alirudi na mfuko mkuukuu wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, akatoa ndani yake karatasi zilizoanza kuwa za manjano pembeni.

Ilikuwa hati ya bima ya maisha. Alikuwa ameikata mwaka mmoja kabla sijazaliwa, wakala alipopita stoo akiwaandikisha makarani. Malipo yalikatwa kwenye mshahara wake, na baada ya kustaafu akawa anayatuma mwenyewe kwa simu kila mwezi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani, hata mama.

"Kagua," alisema. "Nione kama umeelewa."

Nilifurahi. Ilikuwa hati ya kwanza ya kweli niliyowahi kushika. Nilimsomea kwa sauti kama mwanafunzi: mwenye bima, tarehe ya kuzaliwa, kazi, kiasi kitakacholipwa. Kisha nikafika kwenye safu ya mnufaika, nikaacha kusoma kwa sauti.

Palikuwa na jina moja. Lilikuwa la kaka yangu. Uhusiano: mtoto wa kiume. Sehemu yake: yote.

Kaka yangu alikuwa amekufa miaka tisa kabla ya siku hiyo.

Alikuwa kifungua mimba, amenitangulia kwa miaka mitano. Tangu utotoni alipenda kufungua redio na kuzirudisha zilivyokuwa. Alipomaliza shule, baba alimtafutia nafasi ya ukarani, na yeye akaikataa. Alitaka kwenda Dandora, kwa marafiki zake waliokuwa na kikundi cha muziki. Wao waliimba, yeye aliwatengenezea spika na vikuza sauti.

"Buda, hii pia ni kazi," alimwambia baba siku aliyoondoka. Alikuwa na begi moja na spika aliyoiunda mwenyewe kwa mbao za masanduku.

"Ukitoka na hicho kisanduku," baba alijibu, "kaa nacho hukohuko."

Hawakusemezana tena kwa miaka miwili. Mama alikuwa akienda Dandora kumwona, akirudi anatuambia alikuwa sokoni. Kisha kaka akashikwa na nimonia. Alilazwa siku tatu. Mama alienda kila siku. Baba alisema angeenda Jumamosi, siku ambayo hakuwa kazini. Kaka alikufa Ijumaa asubuhi.

Tulimzika nyumbani Machakos. Tuliporudi, baba aliiondoa picha yake ukutani, akaiweka mahali ambapo hatukuiona tena, na kuanzia siku hiyo jina lake halikutajwa. Hakuna aliyetukataza. Ni kwamba kila lilipokaribia kutajwa, baba aliinuka akatoka nje, na mama akajifunza kunyamaza, nami nikajifunza kwa mama.

Mwaka uleule tulihamia Umoja. Makongeni nzima mama alikuwa akiitwa kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi: mama wa fulani. Umoja hawakutujua. Baba alipowasalimia majirani wapya mara ya kwanza, aliwaambia, "Huyu ni mama wa..." akalitaja jina langu. Kwa miezi mingi mama alichelewa kugeuka alipoitwa. Jirani mmoja alifikiri ana tatizo la masikio.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mezani kati yangu na baba alasiri ile.

"Baba," nilisema, "hili lazima libadilishwe."

"Najua."

"Ukiliacha hivi, mama atasumbuka. Mnufaika akiwa amekufa na hakuna mwingine aliyeandikwa, pesa zinaingia kwenye mirathi. Itabidi aende kwa chifu, aende mahakamani..."

"Najua. Umeeleza vizuri. Mtihani utaupita."

"Sasa kwa nini hukubadilisha?"

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, ukawa unagonga geti letu.

"Nilienda ofisini kwao mara mbili," alisema. "Yule msichana aliniambia nichore mstari juu ya jina la zamani, niandike jipya pembeni, nitie sahihi. Nilishika kalamu. Mara zote mbili nilishika kalamu." Alianza kuzikunja karatasi. "Hospitali sikufika. Kaburini nilimwaga udongo kama watu wengine. Huu mstari siwezi kuuchora."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akitaja hospitali ile.

"Na usimwambie mama yako," alisema.

Nikamwahidi.

Wiki iliyofuata nilimletea fomu ya kubadilisha mnufaika, isiyohitaji kuchora mstari wowote. Nilikuwa nimeijaza yote kwa mkono wangu, nikaandika jina la mama, nikaacha mahali pa tarehe na sahihi. Baba aliisoma mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa nailoni. "Nitaitia sahihi," alisema. Nilimkumbusha mara moja, na miezi kadhaa baadaye mara nyingine. Mtihani niliupita kwa jaribio la pili. Nilianza kuzunguka masokoni na kwenye vikundi vya akina mama nikieleza maneno yaleyale, na mara nyingi nilisema kwa ujasiri: hakikisha jina la mnufaika ni sahihi, usiahirishe, kesho si yetu. Kisha narudi nyumbani, namkuta baba akisoma gazeti, nami namwuliza kama amekula.

Alianguka bafuni asubuhi moja, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya siku ile. Lilikuwa shinikizo la damu. Alikaa hospitali siku mbili bila kusema neno, mkono wake wa kulia umelegea, na siku ya pili saa tisa alasiri akatuacha. Nilikuwepo. Mama alikuwa ameshika miguu yake, akiisugua kana kwamba ilikuwa baridi tu.

Baada ya mazishi nilifungua mfuko wa nailoni. Fomu ilikuwa palepale. Baba alikuwa ameandika tarehe, akaikata, akaandika tarehe nyingine ya miezi minne baadaye. Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

Nilikaa nayo wiki mbili. Nilijua siku zinapita na dai halijapelekwa. Ningekuwa na mteja aliyefanya hivyo ningemgombeza. Mwishowe nilimkalisha mama sebuleni, nikaziweka karatasi mbele yake, nikamweleza: hii ni bima ya baba, huyu ndiye mnufaika, na hii ndiyo fomu ambayo hakuitia sahihi.

Mama alivaa miwani. Alisoma lile jina, akaliwekea kidole.

"Wewe ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa nikisoma. Mwaka jana, mwanzoni."

Alivua miwani. Nilianza kumwambia kwamba pesa hazijapotea, kwamba ni utaratibu tu, kwamba nitafuatilia mwenyewe, lakini alinyoosha mkono ninyamaze.

"Usiniambie habari ya pesa," alisema. "Miaka kumi sijataja jina la mwanangu ndani ya nyumba. Nilidhani baba yako hataki kulisikia. Nilidhani alikwisha kumtoa moyoni. Mimi nikitaka kumlilia nilifungua mfereji, maji yafunike sauti." Aliitazama meza. "Kumbe mlikuwa mnakaa hapa ninyi wawili, na yeye yuko katikati yenu. Nami niko kanisani."

"Aliniambia nisikwambie, mama."

"Na wewe ukakubali."

Hakupiga kelele. Aliinuka akaenda jikoni, nikasikia akiosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi.

Wiki ile tulienda ofisi ya bima pamoja. Karani wa madai alikuwa binti mpole. Alisema maneno niliyoyajua kwa moyo: mnufaika amemtangulia mwenye bima, hakuna mwingine aliyeteuliwa, kwa hiyo malipo yataingia kwenye mirathi ya marehemu. Kwanza walihitaji vyeti viwili vya kifo, cha baba na cha kaka.

Cha kaka hatukuwa nacho. Siku zile tulichukua kibali cha mazishi tu, na baba ndiye aliyepaswa kurudi kuchukua cheti. Hakurudi.

Ikabidi twende kwenye ofisi ya usajili. Tulipanga foleni tangu asubuhi, mama akiwa amevaa kitambaa cheusi. Tulipofika kaunta, karani hakuinua macho.

"Jina la marehemu?"

Nilifungua mdomo kujibu. Nilikuwa nimezoea kumsemea mama katika ofisi, kwa sababu yeye huona haya. Lakini alinishika mkono kwa nguvu, akasogea mbele yangu, na akalitaja. Alitaja majina yote matatu, lile la ubatizo, lile la nyumbani tulilomwita, na la baba.

"Rudia, mama," karani alisema.

Akarudia. Karani alipokosea herufi, mama alimtajia moja moja.

"Umri alipofariki?"

"Ishirini na saba."

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mama yake," alisema. "Ndiye aliyenifanya niitwe mama." Nilidhani ameishia hapo, lakini hakuishia hapo. Alimwambia karani kwamba mwanawe alitumia mkono wa kushoto, kwamba alikuwa fundi wa spika, kwamba siku ya kwanza ya ugonjwa alimwomba uji wa wimbi na mama akakuta unga umeisha, akampikia wa mahindi, naye akaunywa akisema ni mtamu. Karani alikuwa ameweka kalamu chini. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyelalamika. Mwanamume mmoja alisema kwa upole, "Pole, mama." Mama akageuka, akamshukuru, kisha akamwuliza karani ni wapi anatakiwa kutia sahihi.

Nilisimama kando yake kama mtu aliyemsindikiza tu. Sikuwa nimewahi kuisikia habari ya uji.

Yaliyobaki yalikuwa yale niliyomwambia baba mezani, ila marefu zaidi. Barua ya chifu. Mahakama. Tangazo katika gazeti la serikali na siku za kungoja kama kuna mwenye kupinga. Tarehe zikasogezwa, faili ikakosekana, ikapatikana. Ilichukua zaidi ya mwaka. Nilifuatilia kila hatua mimi mwenyewe, na nilijua kwamba kila siku ya kungoja ile ingeweza kuepukwa kwa sahihi moja, au kwa neno langu moja kwa mama, ambaye angeweza kukaa karibu na mumewe na kumshika mkono aitie ile fomu sahihi. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Labda baba asingekubali. Labda wangelia pamoja, na hilo tu lingetosha, bima au bila bima. Sikuwapa nafasi hiyo.

Malipo yalipoingia, mama alijengea makaburi yote mawili kwa saruji, la baba na la kaka, yaliyo hatua chache tu kutoka moja hadi jingine. Kilichobaki alikifanyia mambo yake na sikumwuliza.

Bado nauza bima. Ninapofika na mteja kwenye ile safu ya mnufaika siku hizi sisemi tena kwamba kesho si yetu. Namwachia kalamu, natazama pembeni. Wengine wanaandika upesi. Wengine wanakawia, na mama mmoja wa Kariobangi aliniomba aende na fomu nyumbani, akairudisha baada ya wiki tatu bila kuandika kitu. Nilikaa naye mpaka alipoweza.

Mama sasa anazungumza juu ya kaka yangu. Ana jirani fundi wa kushona ambaye hupenda kukaa naye kibarazani jioni, na mimi nikiwa ndani nikipika huwasikia. Anamsimulia alivyoifungua redio ya baba akiwa na miaka saba, alivyokataa kukatwa nywele, alivyoimba vibaya. Wanacheka. Jirani humwuliza maswali na mama humjibu yote.

Nikitoka nje na chai, mama huipokea, hunishukuru, kisha husema wanashangaa mvua mwaka huu imechelewa. Mimi hukaa nao kidogo, tunazungumza habari ya mvua. Sijamwuliza kama amenisamehe.